Wameniandika mvamizi kwenye nyumba niliyolipia kodi miaka 11

Anti shikamoo. Naomba jina langu liwe kapuni na mtaa usiutaje, sema tu Mbagala, inatosha. Saa hizi ni saa tisa usiku, mchele wa vitumbua nimeshasaga na kuumua, saa kumi natakiwa niwashe jiko ila sijapata hata lepe la usingizi na hii ni siku ya nne.

Yaani kinachoniuma sio kuhama. Watu wanahama kila siku. Kinachoniuma ni lile neno. Kwenye karatasi za Baraza la Ardhi ukurasa wa pili wameandika mjibu maombi ni mvamizi aliyeingia kwenye nyumba ya marehemu bila idhini ya familia. Mvamizi, Anti. Mimi. Bibi mwenye nyumba mguu ulipoharibika kwa sukari mimi ndo nilikuwa nauosha na kuufunga bandeji asubuhi na jioni, huyo binti yake aliyenishtaki yuko mkoani anapiga simu jumapili kwa jumapili anauliza mama anaendeleaje, na anaemuuliza ni mimi, ananiita dada.

Pale nimepanga tangu 2014, vyumba viwili na kibaraza ninachouzia, laki moja kwa mwezi, nalipa miezi sita sita. Sijawahi kuruka. Kuna kipindi mume wangu alikaa bila kazi nikachelewa wiki tatu lakini nilimwambia bibi mwenyewe akasema mwanangu we tafuta taratibu, kwahiyo hiyo siihesabu. Mkataba wa kuandikishana ulikuwa mmoja tu wa mwaka wa kwanza, baada ya hapo tukawa tunaenda kwa daftari, mjukuu anaandika bibi anaweka dole gumba. Daftari halijaonekana tangu msiba. Sitaki kumsingizia mtu. Malipo ya mwisho ni laki sita, laki nne nilimpa bibi mkononi na laki mbili nilimrushia binti yake kwenye simu yake yeye mwenyewe maana bibi alikuwa kalazwa. Simu yangu imekufa kioo ila laini ninayo, nimeambiwa naweza kwenda kuomba taarifa ya miamala ikachapwa na ikaonekana. Sasa mtu unapokeaje kodi ya mvamizi?

Baada ya arobaini tu binti akaja na karatasi, notisi ya siku 30, nyumba inauzwa. Nikamwambia, mdogo wangu, nimeshalipa na kodi yangu bado haijaisha, akanijibu mambo ya mama yameisha na mama. Siku 30 hata hazijafika akaja na vijana wawili wakatoa vyombo nje, beseni la vitumbua likamwagwa pale pale kibarazani, wateja wamesimama na vikombe vyao, mwanangu wa kwanza anaangalia. Tukaenda serikali ya mtaa tukakaa tukaongea yakaisha kwa siku ile, vyombo nikarudisha ndani.

Mimi nikajua yameisha. Kumbe yeye kaenda kufungua maombi. Mjumbe kaniletea wito nikakataa kusaini, nilisoma lile neno nikamrudishia pale pale, nikamwambia mimi siwezi kusaini karatasi inayoniita mvamizi. Akaandika amekataa kupokea, akaniachia nakala mlangoni. Nilidhani nisiposaini basi kesi haipo. Mume wangu nae akasema achana nazo tuhame tu twende Chamazi, kuna vyumba, na kweli vipo, sio kwamba sina pa kwenda.

Juzi ndo nikampata msaidizi wa kisheria hapa kata yetu, kijana mmoja mstaarabu, akanishtua. Anasema kukataa kusaini hakuzuii chochote, nina siku 21 za kupeleka utetezi wa maandishi tangu wito ulipofika, nikinyamaza wanasikiliza upande mmoja na amri ya kunitoa inatoka bila mimi kuongea hata neno. Siku 16 zimeshapita. Alinieleza mengi, mengine nimeandika nyuma ya karatasi ya shule ya mtoto. Kwamba toka sheria ibadilishwe 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu, ila Baraza la Ardhi la Wilaya linatakiwa kwanza lione cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 ziwe zimepita bila muafaka. Mimi Baraza la Kata sijawahi kuitwa hata siku moja. Na kwamba mtoto wa marehemu sio lazima awe ndo msimamizi wa mirathi, lazima awe ameteuliwa na mahakama, na kwenye maombi yake kaandika mtoto wa marehemu basi, kaka yao mkubwa hata mirathi hajafungua. Na kwamba mkataba usio na mwisho notisi yake inafuata kipindi unacholipia kodi, kwahiyo mimi wa miezi sita siku 30 hazinitoshi. Akasema dada hapa una pa kusimamia. Nikatoka pale nacheka peke yangu njiani.

Halafu akaniuliza, je kuna maandishi yoyote uliyowahi kusaini? Nikamwambia hakuna.

Anti nimemdanganya. Ile siku ya serikali ya mtaa binti alitoa laki tatu. Mimi nilichukulia ni kodi yangu ya miezi iliyobaki ananirudishia, ni haki yangu ile, na mtoto alikuwa anaingia fomu wani, sare, godoro, ndoo, nani angenisaidia? Ila karatasi niliyosaini inasema nimepokea laki tatu za kuhamia na nitaondoka ndani ya mwezi mmoja. Sikuisoma vizuri, nilikuwa bado nina unga mikononi. Mume wangu hajui. Nilimwambia hela ya sare nimepata kwenye mchezo.

Na kinachoninyima usingizi ni kwamba ile ile karatasi, mstari wa kwanza kabisa, imeandika "mimi mpangaji wa nyumba ya marehemu". Mpangaji! Kasaini na yeye, kagonga muhuri mwenyekiti. Nikiipeleka Barazani lile neno linafutika siku hiyo hiyo, hakuna mtu anampa mvamizi hela ya kuhamia. Lakini nikiipeleka ndo nimekiri nilikubali kuondoka na nikala hela nikabaki, na mume wangu ataisikia ikisomwa mbele za watu maana amesema atanisindikiza. Nisipoipeleka, si na yeye anayo nakala yake? Ataitoa siku yoyote. Au mbona hajaiambatanisha mpaka leo, naona labda anaiogopa kama mimi.

Sasa nimwambie kwanza yule kijana wa msaada wa kisheria au kwanza mume wangu? Siku zimebaki tano na mbili ni za wikiendi. Na je kwenye utetezi mtu anaweza kuandika kwamba yuko tayari kuhama, hata mwisho wa mwezi, ila anaomba Baraza limuamuru mleta maombi afute lile neno? Kijana anasema haiko hivyo, unapinga ama unakubali. Mimi nyumba siitaki tena kusema ukweli. Halafu nikiwaza wateja wangu wa miaka 11 wananifuata pale pale kibarazani naona siondoki mpaka wanibebe.

Laki tatu naweza kuirudisha, sio yote kwa pamoja, vitumbua vikienda vizuri ni miezi minne.

Ukinijibu usipige simu hii mchana, ni ya mume wangu, nimeichukua amelala. Nikishatuma naifuta.