Gumbo si mchuzi wa nyanya, na jina lake ni la Kibantu

Ndugu Mhariri,

Majuma matatu yaliyopita ukurasa wako wa familia ulitoa mapishi ya "supu ya bamia ya Kimarekani" iitwayo gumbo. Nilifurahi mno, kwa sababu chakula hicho nimekipika miaka mingi hapa Ujiji na sikuwahi kukiona kimeandikwa kwa Kiswahili. Furaha ikakatika nilipofika mstari wa tatu. Mwandishi anatuambia tukoroge vijiko viwili vya unga kwenye maji baridi, tumimine kwenye supu, kisha tutie nyanya nusu kilo. Hapo, Mhariri, amepika mchuzi wa bamia. Mchuzi wa bamia ni chakula kizuri na kwangu hakikosekani, lakini gumbo ni kitu kingine. Naomba nafasi nieleze.

Nilijifunza mwaka 1997. Wakati ule mkoa wetu ulikuwa na wakimbizi wengi wa Burundi na Kongo, na wageni wa mashirika walijaa mjini. Mimi nilikuwa mpishi nyumbani kwa muuguzi mmoja, mama wa makamo, mzaliwa wa Lafayette katika jimbo la Louisiana. Jumamosi moja aliniambia, "Dada, leo pumzika, nipike mimi." Sikupumzika. Nilisimama kando yake nikamwangalia akikaanga unga wa ngano kwenye mafuta karibu saa nzima bila kuachia mwiko. Simu ya mezani ikalia sebuleni, akaiacha ilie hadi ikanyamaza.

Huo unga ndio gumbo yenyewe. Wao huuita roux, hutamkwa "ruu". Ni kikombe kimoja cha unga kwa kikombe kimoja cha mafuta, kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Unakoroga ukikwangua chini na pembeni. Kwanza mchanganyiko ni mweupe kama uji, kisha unakuwa rangi ya karanga zilizokaangwa, na harufu nayo ni ya karanga. Wengi wangeishia hapo. Yule mama aliendelea hadi ukafika rangi ya ubao wa mninga, halafu ukapita, ukaingia weusi wa kahawa. Ukiona vidoa vyeusi vinaelea, umeungua. Mwaga, osha sufuria, anza upya, maana uchungu wake hautoki hata uongeze nini. Na kadiri unga unavyoiva ndivyo nguvu yake ya kuzitisha mchuzi inavyopungua. Ndiyo sababu kipimo ni kikombe kizima, na ndiyo sababu vijiko viwili vya mwandishi wako havifui dafu.

Kwa sisi tunaopikia mkaa hapa pana kazi. Moto wa gesi unaupunguza kwa kidole, ila mkaa una tabia zake. Mimi huacha makaa yashike majivu meupe kwanza, kisha nachukua koleo natoa karibu nusu nayaweka kwenye jiko la pili lenye supu ya kuku. Vitunguu, pilipili hoho na selari viwe vimekatwa tayari kwenye bakuli karibu na mkono, kwa kuwa unga ukishafika rangi yake hausubiri mtu atafute kisu. Ukivitupia mle unasikia mlio mkubwa, mvuke unapanda usoni, na unga unaacha kuiva papo hapo kwa sababu maji ya vitunguu yameupoza. Ni saa nzuri sana hiyo. Nyumba nzima inanukia. Selari nilikuwa naikosa soko la Mwanga siku nyingine, basi nilizidisha pilipili hoho na mambo yakaenda.

Nieleze na kosa langu ili lisimkute mwingine. Mara ya kwanza kupika peke yangu nilitumia mawese. Sisi watu wa Kigoma mawese tumekulia, nikaona hakuna mafuta yanayofaa zaidi. Lakini mawese ni mekundu tangu chupani, kwa hiyo rangi ya unga haionekani inavyobadilika. Nilinusa kuungua kabla jicho halijaona lolote. Tangu siku hiyo natumia alizeti, na mawese nayaweka kwa migebuka yangu, samaki wetu wa ziwani, ambako ndiko kwao.

Nikitaja migebuka nimekumbuka soseji. Huko Louisiana hutia andouille, soseji ya nguruwe yenye kitunguu saumu, iliyofukizwa moshi. Mimi Mwislamu sili nguruwe. Yule mama alijua, na siku ile alitia kuku mtupu, akaniambia kwamba kinachotafutwa kwenye soseji hasa ni moshi. Nililishika neno hilo. Leo natia mgebuka wa kukaushwa kwa moshi kutoka mwalo wa Kibirizi, nimeuchambua miiba, nautia mwishoni usisambaratike. Ladha ya moshi inaingia kila mahali. Msomaji asije akadhani nimeharibu chakula cha watu. Kule kwao ipo gumbo ya kuku, ipo ya kamba na kaa, ipo ya bata. Kila nyumba hupika kwa kinachopatikana majini na mawindoni.

Nyanya je? Katika gumbo ya Wakajuni, watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, haimo. Mjini New Orleans wapo wanaoitia, na hao ni watu wa mapishi mengine, ya Kikrioli. Kama mwandishi wako alitaka ya New Orleans angesema hivyo, asiandike "ya Wakajuni" kwenye kichwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikera kuliko nyanya. Makala ilisema gumbo ni "chakula cha Kifaransa kilichohamia Marekani". Kweli kukaanga unga kwenye mafuta ni ufundi wa Kifaransa. Kweli pia Wakajuni wametokana na Wafaransa wa Acadia, huko Kanada, ambao Waingereza walianza kuwafukuza makwao mwaka 1755, na wengi wao wakaishia kwenye mabwawa ya Louisiana. Watu hao waliteseka, sina neno. Lakini hilo jina gumbo ni letu. Katika Kimbundu, lugha ya Angola, bamia ni kingombo. Lisikilize neno hilo, Mhariri: ki- ile ile ya kitunguu na kitoweo. Meli za kwanza za kuwaleta watumwa Louisiana moja kwa moja kutoka Afrika zilifika mwaka 1719, kabla ya Wakajuni kuwasili. Bamia ni zao la Afrika, na Waafrika ndio walioipika kule na kuipa jina. Wachoctaw, wenyeji wa nchi ile, nao wana sehemu yao: unga wa majani ya mti wa sassafras, uitwao filé, unaotiwa sufuria ikishaipuliwa, maana ukichemka unavutika nyuzi. Wapishi wengi hutumia bamia au unga huo, si vyote viwili. Basi chungu kimoja kina mikono ya watu watatu, na makala ikamtaja mmoja.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Miembe mikubwa ya hapa imesimama kwenye njia ya misafara iliyowapeleka watu Bagamoyo wakiwa kwenye minyororo. Wa kwetu walipelekwa mashariki, wa Angola walipelekwa magharibi. Siwezi kusoma kwamba neno lililovuka bahari ndani ya vinywa vya watu wale ni la Kifaransa nikanyamaza.

Tena ushahidi ninao hapa hapa. Jirani yangu ni Mkongomani wa Kalemie, muuza vitenge. Siku moja alichungulia jikoni akaniuliza, "Mama, unapika gombo?" Nikashtuka, nikadhani anakijua chakula. Kumbe alikuwa ameona bamia kwenye ungo. Kwao, wanapochanganya na Kifaransa, bamia ni gombo. Wafaransa wenyewe wamelichukua neno kwa Waafrika na bado wanalitumia, nalo limerudi hadi mwalo wa Kibirizi kwa boti.

Bamia yenyewe iandaliwe hivi. Robo tatu kilo, changa, zile zinazovunjika ncha kwa kidole. Kata vipande, kaanga kando kwa mafuta kidogo, koroga mpaka nyuzi za utelezi zikatike na vipande vianze kushika wekundu pembeni. Ukizitia mbichi sufuria nzima itavutika. Supu ya moto ya kuku wa kienyeji, kama lita tatu, iingie kwenye unga kwa upawa mmoja mmoja huku unakoroga, ndipo bamia, kitunguu saumu, pilipili ya unga na chumvi. Acha ichemke taratibu saa moja na nusu, uengue mafuta yanayopanda juu. Nyama ya kuku na mgebuka vifuate. Inaliwa na wali mweupe usio na nazi, wali kidogo katikati ya bakuli na gumbo imwagwe juu yake. Wajukuu wangu walijaribu kwa ugali wa muhogo, nikawaachia, lakini wali ndio wake. Ikilala hadi kesho yake inakuwa tamu zaidi, kwa hiyo usipike kidogo.

Ninaomba mambo mawili. Mapishi yale yachapwe upya yakiwa na unga uliokaangwa na muda wake, maana kuna mama mahali fulani atanunua kuku kwa fedha yake na kufuata ulichoandika. Na pale juu, palipoandikwa "chakula cha Kifaransa", paandikwe kingombo.

Wako,
Mpishi mstaafu
Ujiji, Kigoma