Karata nzuri isingojeshwe katika poka yenye kikomo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nipinge ushauri unaorudiwa mno kwenye meza za poka hapa Lubumbashi, kwamba mwenye karata nzuri anyamaze, afuate madau ya wenzake kwa upole, kisha aongeze mwishoni wakiwa wamekwisha kunasa. Ushauri huo una maana katika poka isiyo na kikomo, ile ambayo wengi waliijua kupitia televisheni baada ya Chris Moneymaker kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 2003, kwa kuwa huko mchezaji anaweza kuweka mezani yote aliyo nayo kwa mkupuo mmoja. Sisi tunaocheza yenye kikomo, ambamo kiasi cha kila dau kimepangwa, kwa kuihurumia mifuko yetu, hatuna silaha hiyo. Dau ni lilelile katika mizunguko miwili ya kwanza, huwa maradufu katika miwili ya mwisho, na kwa kawaida haliongezwi zaidi ya mara tatu katika mzunguko mmoja. Nafasi uliyoiacha ipite huwezi kuifidia baadaye.

Tuchukue meza ya watu watano, dau dogo likiwa faranga 1,000 na kubwa 2,000. Kila mmoja amekwisha kutoa 2,000, kwa hiyo zipo 10,000. Mezani zinafunuliwa karata tatu za kwanza kati ya tano zinazotumiwa na wote, mfalme, tisa na nne, mbili kati yake zikiwa kopa, nawe umeshika mkononi mfalme na tisa, yaani una jozi mbili. Jirani wa kulia kwako anaweka 1,000. Ukifuata tu, anayekuja baada yako atatoa 1,000 kugombea 12,000. Tuseme anahitaji malkia pekee ili mfululizo wake wa karata tano utimie: malkia ni 4 kati ya karata 47 asizoziona, yaani atakosa mara 43 kwa kila mara 4 za kupata, ambayo haifiki hata 11 kwa moja, nawe umempa 12 kwa moja. Umemkaribisha kwa bei inayomfaa. Ukiongeza, atatakiwa kutoa 2,000 kugombea 13,000, sita na nusu kwa moja, na akibaki hapo basi anabaki kwa hasara yake.

Mwenye karata nne za kopa, anayehitaji moja tu zitimie tano, hatatoka, na wala hakosei, kwa kuwa zipo 9 za kumwokoa. Hata hivyo, hadi karata ya tano atakosa takriban mara mbili katika kila tatu, kwa hiyo kila faranga anayoiongeza sasa ina faida kwako. Wapo watakaosema hayo yote ni bahati isiyohesabika. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba programu yao Cepheus imeufumbua mchezo huu wa kikomo kwa wachezaji wawili, karibu bila dosari, na madau kuwa ya kiasi maalumu yalichangia sana kuwezesha hesabu hiyo. Meza ya watano ni ngumu zaidi, lakini hesabu niliyoitoa hapo juu yatosha kufanywa kichwani.

Sikatai kwamba kungoja kuna mahali pake. Aliyepata karata nne zinazofanana hana wa kumwogopa, na kumfukuza mtu mezani kwa mkono kama huo ni kujinyima mwenyewe. Aidha, pesa zikiwa nyingi mno kiasi kwamba hakuna atakayejitoa kwa 2,000, baadhi ya wachezaji wazoefu hungoja karata ya nne, dau linapokuwa kubwa, ndipo waongeze na kuwatoza wanaobahatisha 4,000 kwa mara moja. Njia hiyo naiheshimu, ila inadai uwe na hakika kwamba yule jirani wa kulia ataweka dau tena. Mara nyingi karata ya nne ikitisha, yeye hupita bila kuweka dau, wote waliobaki hupita nyuma yake, na anayengoja malkia anaiona karata ya tano bila kulipa hata faranga moja.

Wenu,
Msomaji wa Katuba, Lubumbashi