Zuio la kuzalisha linalofutwa kwa laki sita: barua kwa kampuni iliyotuuzia mbwa wa ulinzi

Chake Chake, Pemba
3 Machi 2025

Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya mbwa wa ulinzi (jina tumeliondoa kwenye nakala hii ya wazi)

YAH: KIFUNGU CHA 7 CHA MKATABA WENU, NA VIJIBWA 9 MLIOTULETEA

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum. Sisi ni wanunuzi 6 wa Chake Chake, Wete na Mkoani. Tulipokea kwenu vijibwa 9 wa German Shepherd, madume 5 na majike 4, kwa ajili ya kulinda maghala ya karafuu na nyumba za wageni. Hatulalamiki kwamba mmetuzuia kuzalisha. Tunalalamika kwamba zuio lenu halizuii kile kinachostahili kuzuiwa, na kwamba linauzwa.

Kifungu cha 7 kinasema mnunuzi hatompandisha mbwa "maisha yake yote", na akikiuka atalipa shilingi 2,000,000. Hakikutaja sharti lolote la kuliondoa zuio hilo. Lakini wakala wenu anawaambia watu kwa simu kwamba akiongezewa 600,000 kifungu kinakatwa kwa kalamu. Mfugaji anayejua kazi yake huweka zuio kwa sababu kijibwa wa wiki 8 hajaonesha bado nyonga zake, tabia yake wala korodani zake, kisha huliondoa mbwa akishakua na vipimo vikatoka vizuri. Laki sita haimpi mbwa nyonga mpya.

Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa wa mbegu safi, huliandika zuio kwenye rejista: watoto wa mbwa huyo hawasajiliwi mpaka mfugaji aliyeliweka aliondoe, na mnunuzi awe amesaini kwamba alielezwa kabla au siku ya kumchukua mbwa. American Kennel Club nayo ina usajili wenye mipaka wa namna hiyo. Zuio lao limekaa juu ya usajili. Vijibwa wenu hawakusajiliwa popote, si East Africa Kennel Club ya Nairobi wala kwengine. Sasa mnazuia nini? Kilichobaki ni faini, tena ya mkataba tuliooneshwa bandarini Mkoani ilhali pesa tulishalipa. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia tunakujua. Nyinyi mmeongeza na muhuri.

Tuje kwenye nyonga, maana German Shepherd hapo ndipo anapoangukia. Kwa utaratibu wa Uingereza picha ya eksirei hupigwa mbwa akitimiza mwaka: hupewa dawa ya usingizi, hulazwa chali, miguu ya nyuma ikanyooshwa sambamba. Kila nyonga hupewa alama kuanzia 0 hadi 53, jumla 106, na chache ndizo nzuri. OFA, taasisi ya Marekani inayokagua picha za nyonga za mbwa, haitoi cheti cha kudumu kabla ya miezi 24. Tuliomba mara 3 picha za nyonga za baba na mama. Tukatumiwa picha za simu, mbwa wamesimama kwenye majani, masikio juu. Mbwa anaweza kusimama vizuri mbele ya kamera na kikombe cha nyonga kikawa bapa kama kisahani. Mfupa wa paja unatelezea humo, unasaga, na akiwa bado mdogo utamuona anakimbia kwa kuruka miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura.

Nyonga mbaya haitokani na ukoo peke yake, tunakubali. Unene wa utotoni na sakafu ya vigae huizidisha. Khasa kwa hilo, kipeperushi chenu kinachoagiza vidonge vya kalsiamu kila siku hadi miezi 8 kiondoeni. Kijibwa wa mbegu kubwa hana uwezo mzuri wa kuikataa kalsiamu iliyozidi. Tumbo linaipokea na mifupa inakua vibaya. Akila chakula kilichopimwa kwa ajili ya vijibwa wakubwa, hahitaji kidonge.

Madume 2 kati ya 5 sasa wana miezi 7 na korodani moja moja. Hilo lilihitaji vidole tu: kijibwa amesimama, mikono imepashwa joto, vidole vinapitishwa taratibu kutoka kinenani kuelekea mfuko wa korodani. Kwa kawaida zote mbili huwa zimeshuka kwenye wiki ya 8, na isiyoshuka kufikia miezi 6 haitegemewi tena. Nyinyi mliwatoa wakiwa na wiki 5, umri ambao huwezi kuamua lolote. Korodani iliyobaki tumboni huwa na hatari kubwa zaidi ya uvimbe wa saratani, kwa hiyo operesheni ni ya kufungua tumbo, na zote mbili hutolewa, kwani kasoro hii ni ya kurithi. Wapo watakaomlaumu dume peke yake. Jike naye huibeba bila kuionesha, basi mama wa vijibwa hao asipandishwe tena na baba yao.

Halafu kuna ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaopoozesha miguu ya nyuma uzeeni. Kipimo chake cha vinasaba ni cha kufuta shavu kwa ndani kwa kijiti cha pamba. Wabebaji 2, yaani mbwa wenye nakala moja mbovu ya kinasaba, wakipandishana, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kurithi nakala zote mbili mbovu. Mbebaji akipandishwa na aliye safi, hapatikani mtoto wa hali hiyo. Ndiyo maana zuio la jumla ni uvivu: linamfungia mbwa mzuri kwa kuwa hamkutaka kupima.

Mkataba huo huo unatulazimisha kuwahasi wote kabla ya miezi 5. Kwa German Shepherd, kuhasi kabla ya mwaka kumeonekana kuongeza maradhi ya viungo. Asiyehasiwa naye halindwi na karatasi. Jike akiingia joto, kama wiki 3, madume ya mtaani hayasomi kifungu cha 7. Yanaruka ukuta, na pamoja na mimba yanaweza kumwachia uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Kinachozuia ni banda lenye paa la wavu na kufuli.

Kubwa kuliko yote ni kadi za chanjo. Zinaonesha chanjo ya kichaa cha mbwa siku ya safari, vijibwa wakiwa na wiki 5. Chanjo hiyo kwa kawaida huchomwa kuanzia wiki 12, maana kinga aliyoinyonya kwa mama huweza kuizima kabla haijafanya kazi. Pemba kichaa cha mbwa kilikatika 2014, kikarudi 2016 kwa virusi vilivyoingia kutoka nje ya kisiwa, na mlipuko haukwisha hadi 2018. Kadi kama yenu ndiyo inayompitisha mbwa bandarini bila kinga.

Tunataka eksirei na majibu ya vinasaba vya wazazi, au mkiri kwa maandishi kwamba havipo. Wenye madume 2 warejeshewe nusu ya bei na gharama ya operesheni. Kifungu cha 7 kiandikwe upya hivi: "Mbwa huyu hatopandishwa mpaka atimize miezi 24, awe na korodani zote mbili kama ni dume, apigwe eksirei ya nyonga na viwiko, na apimwe vinasaba. Majibu yakiwa mazuri, muuzaji ataliondoa zuio ndani ya siku 14 bila malipo." Na msimtoe kijibwa kabla ya wiki 8, wala bila ya chipu ya utambulisho chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15 inayolingana na kadi yake.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 21. Laki sita za wawili wetu waliokwisha kulipa zirudi ndani ya muda huo huo, risiti tumeziambatanisha.

Wanunuzi 6, Pemba

Nakala: Ofisi ya mifugo ya wilaya, pamoja na vivuli vya kadi 9 za chanjo.