Matairi ya theluji tumeyapokea, adabu yake hatukuiagiza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie madereva wenzangu wa pikapu, hasa sisi wa Kapchorwa, Bukwo, Kisoro na Bundibugyo, ambao mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba hutugeuzia barabara za udongo kuwa utelezi mtupu. Huenda msomaji akashangaa kuona barua inayozungumzia theluji katika nchi kama Uganda, ambayo theluji yake iko juu kabisa ya Rwenzori, mahali pasipofika gari. Hata hivyo theluji imetufikia kwa njia nyingine, nayo ni matairi.

Pikapu nyingi tunazonunua zimetumika kwanza Japani, nchi ambayo upande wake wa kaskazini, hasa kisiwa cha Hokkaido, hupata theluji nyingi kila mwaka. Mwaka 1990 Wajapani walitunga sheria ya kukomesha matairi yenye misumari, kwa sababu misumari ilikuwa ikitafuna lami na kuwavutisha watu vumbi lake. Nafasi yake ilichukuliwa na tairi la mpira laini, lenye mikato mingi myembamba kama iliyochanjwa kwa wembe. Mpira huo umetengenezwa ubaki laini hata baridi inaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, wakati ambapo mpira wa kawaida huanza kukakamaa. Gari likiuzwa na matairi hayo, husafiri nayo hadi Mombasa na kuishia katika yadi za Kampala, ambako muuzaji humhakikishia mnunuzi kwamba meno bado ni mapya na yatafaa sana kwa matope.

Hayafai. Katika joto letu mpira huo laini huisha upesi, na lami inapopata moto gari huyumba kwenye kona na huchelewa kusimama. Kwenye matope ile mikato myembamba huziba mara moja, na tairi lililoziba halina tofauti kubwa na kipara. Tope linataka meno makubwa yaliyoachana, yanayotema udongo kadiri gurudumu linavyozunguka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mnunuzi apige magoti asome ubavu wa tairi: akiona neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ajue kwamba hilo ni tairi la baridi. Herufi M+S (kifupi cha Kiingereza cha matope na theluji) peke yake zisimtishe, kwa kuwa huandikwa hata kwenye matairi mengi ya barabara mbaya. Asome pia tarakimu nne za tarehe. 2316, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na mpira wa umri huo huwa umezeeka hata kama meno yangali marefu.

Kilichostahili kuagizwa kutoka nchi za theluji ni jinsi madereva wa huko wanavyoendesha. Mwenye pikapu huko anajua kwamba gari lake ni zito mbele, penye injini, na jepesi nyuma, hivyo bodi ikiwa tupu magurudumu ya nyuma hayana kinachoyakandamiza. Huweka magunia ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma na kuyafunga yasiteleze, wala hayasogezi hadi kwenye mlango wa bodi, kwa kuwa uzito ukipita nyuma ya ekseli huinua pua ya gari na usukani ukapungukiwa na nguvu. Kanuni hiyo sisi tunaijua vizuri sana. Balaa ni kwamba mchanga wetu ni abiria. Pikapu ikikwama mlimani, utingo huwaamuru watu wapande bodi, wasimame nyuma kabisa na kurukaruka ili matairi yashike. Matairi yakishika ghafla, gari huchupa mbele au mkia wake hupinda kuelekea mtaroni, na wa kwanza kuanguka ni yule aliyekuwa hewani bila pa kushika. Polisi wa usalama barabarani wamekataza mara nyingi kubeba watu katika bodi ya mizigo, nasi tunawasubiri wapite kisha tunaendelea. Magunia mawili ya mchanga yakitumbukia mtaroni, hakuna matanga.

Jambo la pili ni imani yetu katika foo-wili. Magurudumu yote manne yakivuta, gari hupanda pale ambapo jingine lingekwama. Hilo halina ubishi. Lakini kila gari, liwe na foo-wili au lisiwe nayo, lina breki kwenye magurudumu yote manne, kwa hiyo wakati wa kusimama mwenye foo-wili hana faida yoyote juu ya jirani yake. Ninayemwogopa mimi ni dereva aliyepanda kilima kwa urahisi na sasa anateremka upande wa pili kwa mwendo uleule. Katika theluji, dereva mwenye busara huchagua gia nzito, yaani ya chini kama ya kwanza au ya pili, kabla mteremko haujaanza, akaiacha injini izuie gari, huku akimwachia aliye mbele nafasi kubwa kuliko ya siku kavu mara kadhaa. Mkia ukianza kuteleza, huondoa mguu kwenye mafuta, hagusi breki, na hugeuza usukani taratibu kuelekea upande ule ule mkia unakokwenda. Kwenye udongo wetu uliolowa, hayo yote hufanya kazi vilevile. Afikapo kwenye lami kavu, aitoe foo-wili, maana katika pikapu nyingi mfumo huo hulazimisha ekseli mbili kuzunguka kwa kasi moja, na kwenye kona gia huumia.

Magari yaliyotumika hukaguliwa Japani kabla ya kusafirishwa kuja kwetu, chini ya utaratibu wa Shirika la Viwango la Uganda. Napendekeza fomu ya ukaguzi iongezwe mstari mmoja tu, unaoeleza aina ya tairi na mwaka lilipotengenezwa, na nakala yake akabidhiwe mnunuzi pamoja na funguo.

Dereva wa pikapu,
Kapchorwa