Hela ya Njia: Kwa Nini Tunaitoza Tukikupeleka Porini na Pikipiki

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja alinipigia simu saa mbili usiku. Hakuanza na salamu. Alikuwa ameshika risiti ya safari ya Jumamosi ya kwenda upande wa Kisarawe, na mstari uliomkera ni ule ulioandikwa "hela ya njia, 40,000". Akaniambia, "Kaka, pikipiki ni yangu, mafuta nimeweka mwenyewe, hata maji ya kunywa nimebeba. Hiyo elfu arobaini ni ya nini? Pori ni la umma, na umma ni sisi." Akamalizia kwamba ameshaandika kwenye kundi la WhatsApp la waendeshaji kuwa gereji yetu inauza barabara ya bure.

Si wa kwanza. Lalamiko hili hurudi kila masika yakiisha na barabara zikianza kukauka, watu wakitoa pikipiki zao stoo. Nimeona niliandike jibu lote mahali pamoja.

Ni kweli ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema hivyo waziwazi. Lakini sheria hiyohiyo imeigawa ardhi hiyo mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kila fungu lina msimamizi wake na masharti yake. Ukitoka Gongo la Mboto ukapita Pugu, ukakata Kisarawe mjini kuelekea Maneromango, na njiani ukaingia kila kichochoro kinachokuvutia, unaweza ukawa umeyapita yote matatu kabla ya saa sita mchana, bila kuona kibao hata kimoja.

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao vijana wengi wa Dar wanauita tu "pori la Pugu", ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Wageni wanakaribishwa, ila kwa kibali na kwa kulipa kiingilio, na kibali cha kuingia kwa miguu si kibali cha kuingia na pikipiki. Vikindu, ukielekea Mkuranga, nao ni msitu wa hifadhi. Pande, kule karibu na Mabwepande, ni pori la akiba. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na huko hatuombi kibali kabisa, kwa sababu hifadhi za taifa haziruhusu watu kuzunguka na pikipiki. Mikoko ya pwani yote ni hifadhi ya serikali, hata pale maji yanapokupwa ukaona tope gumu linalokuita. Mkuza, yaani ule ukanda uliosafishwa, wa bomba la mafuta la TAZAMA, linaloanzia Kigamboni mpaka Ndola, Zambia, umenyooka vizuri mno kwa pikipiki, lakini si barabara. Njia ya reli vilevile. Tangu reli ya kisasa, SGR, ijengwe na kuwekewa uzio, njia nyingi za zamani zimekatika, na pa kuvukia ni kwenye vivuko vilivyowekwa tu. Nimewahi kukuta uzio umepinda, na alama za tairi za meno zimepita chini yake. Aliyefanya hivyo ndiye anayesababisha sisi wengine tutazamwe kama wezi tukifika kijijini.

Sasa pa kuendesha ni wapi? Papo pengi kuliko watu wanavyodhani. Barabara za vumbi zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ni haki yako, ilimradi pikipiki ina namba na bima, nawe una leseni ya daraja linalotakiwa na kofia kichwani. Kama pikipiki yako ni ya mashindano, haina taa wala namba, basi ipande kirikuu, ile pikapu ndogo, mpaka utakakoshukia; usiiendeshe barabarani hata mita mia. Halafu kuna njia za ndani kwenye ardhi ya vijiji, ambazo ndizo tamu hasa: mchanga, mabonde, vijito, vichochoro vya ng'ombe. Hizo zinapitika kwa ridhaa ya kijiji. Na kuna machimbo ya mchanga yaliyoachwa kuchimbwa, ambayo mengi yana mwenye leseni, na mwenye leseni ukimfuata kwa adabu hukupa siku.

Ridhaa ya kijiji ndiyo inayogharimiwa na hela ya njia, na haipatikani kwa simu. Inabidi niende siku ya kazi, niingie ofisi ya mtendaji wa kijiji, nisaini kitabu cha wageni, nieleze tunakuja wangapi, saa ngapi, tunapita wapi na tunatokea wapi. Mtendaji anamwita mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti anawatafuta wenyeviti wa vitongoji tutakavyopita. Mara nyingi wa mwisho yuko shamba, kwa hiyo nasubiri kwenye benchi nje, chini ya mwembe, mpaka aje na jembe lake begani. Barua ya ridhaa ikigongwa mhuri, narudi siku nyingine na fundi wangu kukagua njia yenyewe, maana daraja la magogo lililokuwepo Juni linaweza lisiwepo Agosti.

Safari ile ya Jumamosi wateja walikuwa sita, kwa hiyo hela ya njia ilikuwa laki mbili na arobaini. Elfu themanini iliingia kijijini kwa stakabadhi, nakala ninayo. Elfu thelathini alipewa kijana wa kijijini aliyetuongoza. Mafuta ya kwenda kuomba na kwenda kukagua, elfu hamsini na tano. Iliyobaki, elfu sabini na tano, ni siku mbili zangu na siku moja ya fundi nje ya gereji, siku ambazo hatukufungua injini ya mtu. Anayeona hiyo ni faida kubwa aje tukae naye na daftari.

Njia ya mkato inayopendwa sasa ni ramani za kwenye simu. Mtu anapakua njia iliyorekodiwa na mwenzake, anawasha, anafuata mstari. Mwaka jana kijana mmoja, mpole kabisa, alikataa kuja nasi kwa sababu alishapata mstari wa namna hiyo. Mstari ulirekodiwa kiangazi. Yeye aliufuata wiki ya pili ya mvua za vuli. Ulimwingiza msituni kwa mlango wa nyuma na kumshusha kwenye kijito kilichojaa. Pikipiki ikazama mpaka kwenye tangi. Alipokuwa anaivuta, askari wa msitu wakamfikia. Alilipa faini, pikipiki ikalala kituoni kwao siku nne ikiwa na maji ndani, ndipo ikaja kwetu juu ya kirikuu.

Nilipofungua nati ya oili, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kizito, kikining'inia kama uji. Ukiona hivyo ujue maji yamechanganyika na oili, na siku nne ni nyingi sana kwa chuma. Beringi za kranki zilikuwa zimeanza kutu, ringi zimeganda kwenye pistoni, pleti za klachi zimevimba. Tuliosha injini mara tatu kwa oili nyepesi mpaka ikatoka safi, tukafungua yote, tukapanga upya. Kazi ilikuwa ya siku tano na niliifanya kwa mkono wangu. Bili yake, ukiacha faini, ingemlipia hela ya njia safari zaidi ya ishirini. Sikufurahi kuiandika.

Kingine ni mikorosho. Wanaotoka mjini hawajui kwamba kabla korosho hazijaanza kuanguka, mkulima hupalilia na kufagia chini ya miti mpaka pakawa peupe, ili aione kila korosho itakayodondoka. Kwa mwendeshaji pikipiki pale panafanana na uwanja: kivuli, udongo laini, nafasi ya kukata kona kati ya miti. Miaka mitatu iliyopita wateja wangu wawili walinitoka kwenye msafara upande wa Mkuranga, wakaingia shamba la namna hiyo, wakazunguka kama dakika kumi. Nilipofika nilimkuta bibi mwenye shamba amechuchumaa, anachomoa korosho moja moja kwenye mifereji ya tairi, anazipangusa kwa kanga yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Tulilipa, tukakaa kuokota pamoja naye mpaka jua likawa limezama. Tangu siku ile, kuanzia Oktoba sipeleki msafara kwenye ukanda wa mikorosho, hata mteja aongeze hela.

Na ufukweni msiniombe. Wengi huniambia fukwe za kusini mwa Kigamboni ni tupu, hazina mtu. Kasa hutaga huko, mayai yako chini ya mchanga huohuo mkavu mnaoutaka. Na hata asingekuwepo kasa, pikipiki ikitoka kwenye chumvi naijua kwa sauti ya beringi za magurudumu kabla hujaizima.

Nimrudie mteja wangu wa saa mbili usiku. Najua kilichomuudhi hasa si elfu arobaini. Kilichomuudhi ni kwamba Jumamosi ile tulikata safari, tukaacha kilomita kama kumi na nane za mwisho, zile za mchanga alizokuwa akizisubiri wiki nzima. Mwenyekiti wa kitongoji alinipigia asubuhi akaniambia kuna msiba, nyumba iko njiani kabisa. Tulipofika karibu tukaona turubai, wanaume wamekaa kwenye mikeka, kina mama wanapika. Tukazima injini zote, tukavua kofia, tukasukuma pikipiki kwa miguu mpaka tulipopapita, kisha tukageuzia njia ya barabarani. Pikipiki sita zenye ekzosi za wazi haziwezi kupita hapo, hata kama barua ina mihuri kumi. Mwenyekiti alitushika mkono mmoja mmoja. Wiki hii nimepita kijijini hapo nikapewa njia ile ya mchanga kwa Jumamosi mbili zijazo, bila kuongezewa mchango.

Kwa hiyo kaka, hela yako ya njia sikurudishii, lakini Jumamosi ijayo unakuja kwa hiyohiyo, na mchanga wako utaupata. Nafasi nyingine zimebaki nne. Anayezitaka alete nakala ya leseni, kadi ya pikipiki na bima kabla ya Jumatano jioni, kwa sababu Alhamisi naenda kwa mtendaji na majina yote lazima yawe kwenye barua. Ukileta Ijumaa nitakutengenezea pikipiki kwa moyo mmoja, ila porini hutakwenda nami wiki hiyo.