Spika ilizimika katikati ya ugomvi: tunaomba harambee

Ndugu wazazi, walezi na marafiki wa kikundi,

Tunaandika kwa haraka, na kwa aibu kidogo, maana wengi wenu mlikuwepo.

Jumamosi ile mchezo wetu wa kuigiza ulikuwa umefika pazito. Rafiki anamkabidhi mwenzake kisu akalipize kisasi cha kaka yake. Mtazamaji mmoja, kijana wa miaka 17, akapaza sauti, "Simama!", akapanda jukwaani kuchukua nafasi ya mwigizaji. Spika ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ikabidi kijana apige kelele. Waliokuwa nyuma waliona kisu (cha mbao, tumekipaka rangi ya fedha), wakasikia makelele tu, wakajua sasa ni kweli. Wakatimka. Mtoto alikanyagwa mkono. Nashukuru Mungu hakuvunjika. Kuna mama aliacha viatu. Bado tunavyo, mwenyewe aje.

Yule kijana hakumaliza. Tulipomuuliza baadaye alitaka kumjibu nini mwenye kisu, akasema amesahau. Hatukumwamini.

Namna hii ya kuigiza hatukuibuni sisi. Mbrazili Augusto Boal aliianzisha miaka ya 1970: mchezo unaishia pabaya, kisha unarudiwa, na mtazamaji yeyote ana ruhusa ya kuusimamisha ajaribu njia nyingine. Kwa hiyo sauti kwetu si pambo. Na wenye ugomvi hasa hawakai mbele. Husimama nyuma, mikono mfukoni, tayari kuondoka. Hao ndio hawakusikia kitu.

Wapo wanaosema hii ni michezo ya watoto. Rwanda mwaka 1994 redio ilichochea mauaji, na mwaka 2004 redio hiyohiyo, kama chombo, ikaanza kurusha mchezo wa kuigiza wa kuwarudisha watu pamoja. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa nalo, kwa azimio namba 2250 la Desemba 2015, lilizitaka nchi ziwape vijana nafasi katika kutafuta amani. Azimio halinunui betri.

Mwaka jana mlitununulia kinasa sauti, na kinafanya kazi hadi leo. Ahadi tuliyowapa tumeitunza: anayesimulia alivyopigwa hatajwi jina, na video za ugomvi haturushi, kwani video ya kipigo ikishapita simu hadi simu, kesho yake kuna anayetafutwa.

Sasa tunaomba spika moja ya kuchaji na vipaza sauti viwili visivyo na waya. Basi. Mweka hazina atapokea akiwa na mzazi mmoja, kila mchango utapewa stakabadhi, na hesabu itasomwa mbele ya wote. Asiye na fedha atuletee fundi.

Mtuwie radhi kwa hili linalofuata. Kijana akiuawa, mchango wa mazishi hukamilika siku hiyohiyo, na hakuna anayeuliza ni wa nini. Daftari letu la spika lina wiki tatu sasa. Lina majina tisa, mawili ni yetu wenyewe.

Mchezo utarudiwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia palepale ulipokatikia. Yule kijana amekubali kupanda tena.

Mungu awazidishie.

Katibu, kwa niaba ya kikundi