Usisubiri Mwanza, anza na Oklahoma

Norman, Oklahoma
Jumamosi

Mwenzangu Zuhura,

Habari za Dar? Mimi sijambo, ila nakuandikia huku ving'ora vinalia mji mzima. Usishtuke. Kila Jumamosi saa sita mchana wanavijaribu, hasa tusije tukavisahau msimu huu wa tonado, ule upepo mkali wa kuzunguka unaobomoa nyumba.

Barua yako ya maombi nimeisoma mara mbili. Adabu imejaa, ila nikuulize kama nilivyokuwa nikikuuliza bwenini: hiyo data mubashara ya rada ya hali ya hewa ya Mwanza unaitakia nini? Wewe unachunguza ngurumo za usiku juu ya Ziwa Victoria, zile zinazojengeka pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji. Ngurumo ya mwaka juzi haikimbii popote. Ukiomba data mubashara, mtu wa ofisi yoyote duniani atawaza usalama wa seva zake, na nani atalaumiwa siku mwanafunzi akisambaza tahadhari isiyo rasmi. Lakini ukiandika, "Naomba data ghafi za tarehe hizi 20 za Machi na Aprili, kwa ajili ya tasnifu," umempa kazi yenye mwisho. Tarehe zichague kwanza kwa picha za setilaiti, kisha umwombe msimamizi wako asaini barua pamoja nawe.

Hamu ya kuona mvua ikitembea naielewa, na hiyo itimize usiku wa leo kwa rada za huku. Marekani wana mtandao wa rada wanaouita NEXRAD, rada zipatazo 160, na data zake ni za umma. Huandiki barua, hugongewi muhuri, hata akaunti hufungui. Tangu 2015 zimewekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Amazon, za miaka ya nyuma na za dakika hii. Wenyeji wa hapa wanakumbuka zilivyokuwa zikihifadhiwa kwenye kanda za sumaku, mpaka mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Oklahoma na wenzake walipoanza majaribio ya kuzisafirisha kwa intaneti, kwa rada sita tu. Sisi tunalalamika faili ikichelewa dakika mbili!

Chukua Ngazi ya Pili, yaani data ghafi: nguvu ya mwangwi, kasi ya matone kuielekea rada au kuikimbia, na vipimo vya umbo la matone. Ngazi ya Tatu ni nyepesi kwa bando, lakini ni chakula kilichokwisha kutafunwa, yaani data zilizokwisha kuchakatwa. Na kwa kuwa rada ya Mwanza nayo ni ya bendi ya S, yaani masafa yale yale ya mawimbi, kama hizi, mengi utakayojifunza utayahamishia kule.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni faili nzima: rada ikimaliza kuzunguka pembe zake zote, kama dakika tano hivi wakati wa mvua na karibu kumi mbingu zikiwa safi, faili inawekwa. Wa pili ni vipande, vinavyotumwa huku rada bado inazunguka. Huo ndio umubashara wenyewe, lakini una kero zake. Kipande kimoja kikikosekana, programu yako inagoma. Anza na faili nzima. Ya kusomea faili ipo programu ya Py-ART, ya lugha ya Python, ya bure, iliyoanzia maabara ya Argonne ya huku Marekani. Faili moja ni megabaiti kadhaa, kwa hiyo usipakue siku nzima kwa bando la simu, shusha chuoni.

Sasa kilichonitesa mimi. Majina ya faili yana muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa. Wiki ya kwanza nilitafuta mvua iliyoninyeshea jioni, saa moja na nusu, nikaikosa siku mbili mfululizo. Nikaamini rada ilizimwa. Kumbe kwa UTC ilikuwa imeshaingia tarehe ya kesho yake, saa 00:30, na faili zilikaa kwenye folda nyingine zikinisubiri. Wewe una mzigo wa ziada: 20:16 ya kwenye faili ni saa 23:16 ya Dar, nawe kichwani unasema saa tano na robo usiku. Andika saa zote tatu kwenye karatasi, ubandike ukutani. Usicheke.

Saa hiyo sikuitaja bure. Fungua rada ya KTLX, ya karibu na Jiji la Oklahoma, tarehe 20 Mei 2013, faili za karibu na 20:16. Ndiyo tonado ya Moore, mji jirani na hapa, iliyoua watu 24. Angalia kipimo kinachoonyesha kama vitu vilivyo angani vinafanana. Penye mvua kinakaribia 1. Penye tonado kinaporomoka, kwa sababu rada haioni tena matone. Inaona mbao, mabati na vipande vya nyumba za watu. Nilipoiona mara ya kwanza nilifunga laptopu nikatoka nje.

Ukifaulu kuchora ramani hiyo, nitumie, pamoja na orodha ya tarehe zako 20 kabla hujapeleka barua. Mbili tatu nitakubishia. Msalimie mama, na mwambie dagaa wa Ukerewe walifika, ila begi langu halitasamehewa harufu.

Wako,
Neema